Mchuzi Mtamu Kuliko wa Mama

9 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama miguu bado inakusumbua kwa kusimama jikoni, basi angalau iwe imepungua. Sisi huku tupo. Karakana imepata kazi ya kushona upya viti vya mabasi ya shule, kwa hiyo mchana kutwa niko kwenye ngozi bandia na sponji, jioni natoka na gundi mpaka kwenye nyusi. Bado tunakaa palepale, juu ya duka la baiskeli. Mwenye nyumba amepaka ngazi rangi ya kijani isiyokauka, na sasa kila mpangaji ana kijani mahali fulani mwilini.

Nimekupigia mara nyingi tangu tumzike mke wangu, mama Chiriku. Simu inaita mpaka inakata. Ule ujumbe wako wa siku ya mazishi niliupata: "Siwezi kuja. Poleni sana." Sawa. Njia ni ndefu, na kazi ni kazi. Sikuandikii kwa ajili ya hilo.

Nakuandikia kwa ajili ya mwanao. Unakumbuka tulivyompa jina la Chiriku kwa sababu alikuwa akifungua macho anafungua na mdomo. Sasa anajibu anachoulizwa, basi. Chakula anakizungusha kwenye sahani kama anatafuta kitu kilichompotea. Mwalimu wake aliniita, akaniambia wenzake wakicheza yeye anakaa pembeni, anasema anasikia kizunguzungu. Nguo za shule zinamning'inia.

Nilimuuliza anataka kula nini. Akasema, spageti ya mama. Ile yenye mchuzi wa nyama ya kusaga, ambayo mama yake aliipika kila Jumamosi akishafunga duka la dawa, na ambayo kwa madaha aliita bolonezi. Mimi sikuwahi kuionja, tambi niliziona chakula cha watoto. Nikanunua vitu, nikapika. Dada, ilikuwa kama kamba za viatu zilizolala kwenye tope. Chiriku alikula vijiko viwili, akaweka uma chini, akaniambia, "Asante baba, nimeshiba." Kwa adabu kabisa, kama mgeni aliyekaribishwa nyumba asiyoijua. Ile adabu ndiyo iliyoniuma.

Najua mama yake alifundishwa na wewe kwenye simu. Basi nifundishe na mimi. Andika taratibu, kama unamwandikia mtu ambaye hajawahi kukutana na kitunguu.

Mdogo wako,
fundi viti


2 Aprili

Kichuguu wangu,

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako ilinifikia mkono kwa mkono, ndiyo maana nimechelewa. Miguu haijambo. Kiwanda cha sabuni kipo vilevile, na kantini yetu bado inanukia sabuni hata tukichoma vitunguu saumu. Mtunza stoo amefuga masharubu, yamemfanya afanane na brashi ya kusugulia sakafu, lakini hakuna mwenye moyo wa kumwambia.

Kuhusu simu usihangaike. Yangu ilitumbukia kwenye sufuria ya supu. Tuandikiane tu, barua ina faida yake, mtu hawezi kumkatiza mwenzake.

Mpe pole Chiriku. Mwambie shangazi yake anamuwaza.

Sasa sikiliza. Kosa lako nalijua bila kuliona: ulitupa vyote sufuriani kwa pamoja, ukachochea kama unachanganya saruji. Anza na kitunguu. Kikate kidogokidogo, mafuta kiasi, moto mdogo. Kwaruza karoti, iweke humohumo. Usiondoke. Kitunguu kikiwa kinalia kwa sauti, moto ni mkali, kikinong'ona, ndivyo. Subiri mpaka kilegee, kiwe kama kioo. Kiweke pembeni.

Halafu nyama, peke yake, kwenye sufuria yenye moto sawasawa. Itandaze, kisha mikono nyuma. Usiiguse. Itatoa maji, na utafikiri umeharibu. Hujaharibu. Mwanzo utasikia mlio kama mvua kwenye bati. Maji yakikauka mlio utabadilika, utakuwa mkavu, wa kupasukapasuka. Hapo ndipo nyama inaanza kuwa na ladha, na hapo ndipo watu wengi wanakuwa wameshaikatia tamaa. Ikiwa kahawia, rudisha kitunguu, tia nyanya ya kopo, ikaange mpaka wekundu wake uelekee rangi ya tofali. Ndipo utie nyanya mbichi zilizosagwa na maji kidogo. Punguza moto mpaka uone kama umeuzima. Kisha nenda kafue, kapige pasi, kazungumze na mwanao. Mchuzi huu haupendi mtu mwenye haraka.

Anza na hayo. Mengine nitakuandikia.

Na wewe unakula?

Dada yako


19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Huku salama. Kazi ya mabasi imekwisha, tumeletewa viti vya jumba la harusi, vyekundu na vishungi vya dhahabu. Nikikaa kimoja kula mkate wangu wa mchana najihisi bwana harusi aliyekimbiwa.

Nilifanya ulivyoniambia. Nyama ilipotoa maji nilitaka kuikoroga, lakini nikashika mikono nyuma kama mtoto anayeadhibiwa. Na kweli mlio ulibadilika. Chiriku alikuwa mezani anafanya hesabu, akanyanyua kichwa. Akatazama sufuria.

Alikula nusu sahani. Nikamuuliza kama imefanana. Akafikiri, akasema, "Bado." Basi hilo "bado" nimetembea nalo wiki nzima kama mtu aliyepandishwa cheo.

Kuna jambo linanisumbua. Yule dereva wa lori anayetuletea sponji alikuwa na safari ya huko kwenu, nikampa mfuko wa ndimu na salamu akupelekee kantini. Amerudi na ndimu zake. Anasema wenzako jikoni walimwambia hufanyi tena kazi pale tangu mwaka jana, na walipoulizwa uko wapi walitazamana. Nilidhani amekosea mlango, ila mtunza stoo mwenye masharubu alimwona.

Na jambo lingine. Simu iliyotumbukia kwenye supu inaitaje? Jana nimepiga, imeita.

Umehama? Kuna mtu umeolewa naye unaona aibu kutuambia? Nitacheka kidogo tu, halafu nitafurahi. Niambie.

Mdogo wako


28 Mei

Kichuguu,

Marahaba. Nimekawia, nisamehe. Mvua huku zilikuwa nyingi na barabara zilikatika. Mwandiko ukiuona umepinda usijali, ni meza, mguu wake mmoja mfupi.

Nimefurahi kwa ajili ya nusu sahani. Sasa tuifikishe sahani nzima.

Mchuzi ukishachemka na mafuta yakaanza kujitenga juu, utilie maziwa, kikombe cha chai hakifiki. Utaona umepauka, utanitukana. Acha uchemke tena, utarudi rangi yake, na ule uchachu wa nyanya utatulia. Tambi zichemshe kwenye maji mengi yenye chumvi ya kutosha, sio ya kuogopa. Zitoe zikiwa bado zina kiini kidogo, usizisuuze hata siku moja. Kisha zimalizie kuiva ndani ya mchuzi wenyewe, pamoja na upawa mmoja wa yale maji yaliyozichemshia. Ndipo mchuzi unazishika. Sio tambi huku na mchuzi kule, kama watu waliogombana.

Naomba unifanyie kitu. Ukimaliza, onja taratibu, halafu niandikie ladha yake. Usiniambie ni tamu. Kila mtu anasema tamu. Niambie inaanzia wapi mdomoni na inaishia wapi. Kama karoti inasikika. Kama unasikia maziwa au unasikia tu kwamba kuna kitu kimelainika. Andika yote.

Mpige busu Chiriku.

Dada yako


16 Juni

Dada,

Shikamoo.

Uliniomba ladha, nakuandikia ladha. Inaanzia mbele ya ulimi, utamu mdogo, hiyo ni karoti na kitunguu, ingawa ukivitafuta huvioni. Kisha inakuja nyama, katikati, nzito, yenye kuungua kidogo kwa uzuri. Uchachu upo pembeni tu, unakuamsha halafu unaondoka. Maziwa hayasikiki. Kinachobaki kooni ni joto. Sijawahi kula chakula kama hicho nyumbani kwangu, na nimekipika kwa mikono hii yenye gundi.

Chiriku alikula kijiko cha kwanza. Cha pili. Alikula upesi, dada, kama mtoto mwenye njaa, na mimi nimesimama na mwiko. Alipofika katikati ya sahani akaacha kula ghafla. Machozi yakaanza kumtoka, hatoi sauti. Nikapiga magoti, nikamuuliza umeungua? Akatikisa kichwa. Nimekosea tena? Akatikisa kichwa.

Akasema, "Baba, hii ni tamu kuliko ya mama."

Nikamwambia, basi kula mwanangu. Akaisukuma sahani. Akasema, "Nikiizoea hii, ile nitaisahau." Akaenda chumbani, akajifunga. Tangu siku ile hataki hata kusikia neno spageti, na uzito aliourudisha ameanza kuupoteza.

Sasa mimi nifanye nini? Kila nikipika vizuri namfukuza mama yake mezani. Nikipika vibaya hali.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, acha niseme lote. Hukuja kumzika wifi yako. Yule mwanamke alikupenda kuliko ndugu zake wa kuzaliwa. Kila Jumamosi alikuwa na wewe sikioni huku anapika, mnacheka mpaka mimi naona wivu. Siku ya mazishi nilikuwa natazama njia. Watu walikuwa wanasubiri kumshusha, nikawaambia tungoje kidogo, dada yangu atakuja. Kisha ikaingia ile meseji yako, maneno manne. Hata jirani wa chini, mwenye duka la baiskeli, alifunga duka. Na baada ya hapo unaniandikia habari za masharubu ya mtunza stoo na meza yenye mguu mfupi.

Sikuulizi tena kuhusu ladha. Nakuuliza uko wapi.

Mdogo wako


3 Julai

Mdogo wangu,

Naiandika barua hii kwa vipande, nikichoka napumzika.

Niko kwenye chumba cha kupanga, ng'ambo ya barabara ya hospitali kubwa. Dirisha langu linatazama kamba za nguo za wauguzi. Barua zako mtunza stoo huniletea mwenyewe akipata nafasi. Yeye na wale wa jikoni waliotazamana niliwaapisha. Simu haikutumbukia popote. Ipo hapa mezani. Ukipiga jina lako linawaka, nalitazama mpaka linazimika.

Siwezi kuipokea kwa sababu sina sauti. Mwaka jana nilipata uvimbe kooni. Nilidhani ni moshi wa jikoni, nikanywa tangawizi, nikanywa asali. Nilipokwenda kupimwa ulikuwa umeshakomaa. Madaktari walitoa kisanduku chote cha sauti. Sasa napumulia tundu lililo shingoni, hewa haipiti tena puani, kwa hiyo na harufu imekwenda. Pua yangu siku hizi ni pambo. Na kwa ladha nimebakiwa na chumvi na sukari tu, tena kwa mbali. Nakunywa uji mwembamba na sijui kama una kitu au hauna. Ndiyo maana nilikuomba uniandikie ile ladha. Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Kitunguu chako kilikuwa sawa. Ningekuwa nawe ningekuambia uongeze pilipili manga kidogo mwishoni.

Wifi alijua. Nilimwambia yeye kwanza, nikamkataza asikwambie, kwa kuwa nakujua, ungefunga karakana ukaja kulala kwenye benchi la hospitali. Nilitaka kwanza nitoke chumba cha upasuaji ndipo ujue. Yeye alikuwa anakuja kunisindikiza. Alishaomba ruhusa kwenye duka la dawa. Wewe ulidhani anakwenda kwa mama yake. Alikuwa anakuja kwangu. Kisha moyo wake ukasimama, hivihivi, akiwa kaunta anampimia mtu dawa ya kikohozi.

Mimi sikuambiwa. Nilingoja, nikaona kimya, nikasema labda basi limeharibika. Wakaniingiza. Nilipozinduka muuguzi alikuwa ameshika simu yangu, akaniuliza kwa upole, mama Chiriku ni nani kwako? Ujumbe wako ulikuwa umefika. Nikamwashiria kwa mkono, akaandika yale maneno manne. Siwezi kuja. Poleni sana. Mimi sikuwa na nguvu za kuandika wala kinywa cha kumtuma aandike zaidi. Siku mliyomzika nililia sana, na sikuweza kutoa hata mlio. Muuguzi alijua nalia kwa kuona mto umelowa.

Hukukosea kunikasirikia. Basi.

Sasa turudi kwa mtoto. Wifi yangu Mungu amrehemu, hakuwa mpishi. Mimi nilimfundisha yote niliyokufundisha wewe, na yeye hakufuata hata moja. Nilikuwa namsikia kwenye simu. Alikuwa anatoka kazini amechoka, mtoto ana njaa, sufuria mlikuwa nayo ile ndogo. Akavunja tambi vipandevipande ili ziingie. Kitunguu hakukingoja, kilibaki kinagombana na meno. Nyama aliitia juu ya nyanya, ikachemka badala ya kukaangika. Maji akazidisha. Akiona uchachu umezidi anamwaga sukari, kijiko kizima, nami nampigia kelele, naye anacheka, "Wifi, huku hakuna bwana afya." Ndiyo hiyo spageti ya mama. Nyepesi, chachu, yenye sukari, tambi fupi za kuliwa kwa kijiko.

Mpikie hiyo. Usimwambie ya mama yake ilikuwa mbaya, wala usimwambie ilikuwa tamu. Mwambie ndivyo alivyokuwa anaipika, na ndivyo alivyokuwa anachoka. Ile nyingine itakuja wakati wake.

Msije. Sitaki Chiriku aione shingo yangu.

Dada yako


12 Julai

Dada yangu,

Shikamoo.

Barua yako niliisomea karakana, nimekaa kwenye kiti cha jumba la harusi. Msimamizi alinipita, akarudi, akaniambia niende nyumbani. Sikuwa najua kwamba nalia.

Nilimweleza Chiriku yote. Juu ya koo lako, juu ya mama yake kuwa njiani kuja kwako. Aliuliza kama unasikia. Nikamwambia shangazi anasikia vizuri kabisa. Akauliza kama inauma. Nikamwambia sijui, tutamuuliza.

Tukapika pamoja. Yeye ndiye aliyevunja tambi. Nyama tukaitia juu ya nyanya, maji tukazidisha, na sukari akamwaga yeye, kijiko kizima. Dada, haikuwa tamu. Nilitaka kuficha uso, nikamwona na yeye anatafuna kitunguu kibichi amekunja sura. Tukatazamana. Akasema, "Ndiyo hii." Kisha akaanza kunieleza jinsi mama yake alivyokuwa anachomoa viatu kwa kisigino huku anakoroga, na nyimbo alizokuwa anakosea maneno, akaeleza, akaeleza, na kula anakula. Tulimaliza sufuria.

Shule zinafungwa mwisho wa mwezi. Tunakuja. Umenikataza mara moja nikiwa sijui, safari hii najua.

Mdogo wako


5 Septemba

Kichuguu wangu,

Marahaba. Nimepata ujumbe kwamba mlifika salama na kwamba kijani cha ngazi hatimaye kimekauka. Poleni kwa safari.

Chumba kimekuwa kikubwa tangu mwondoke. Wauguzi wanaanika nguo zao kama kawaida na sasa wananipungia mkono, kwa sababu mwanao alijuana nao wote kwa siku moja. Sikujua mtoto anaweza kuzungumza kiasi kile. Nadhani aliona mimi siwezi, akajitwika zamu zote mbili, ananiuliza na kunijibia. Alikuwa ananijibia sawa, mara nyingi. Kitambaa cha shingoni nilikuwa nimekivaa kwa ajili yake, na siku ya pili aliniambia kinanitia joto, nikivue. Nikakivua. Akatazama, akasema, "Kumbe ni tundu tu," akaendelea na habari za mwalimu wake.

Ile siku aliyopika hapa kwangu, ile nzuri, aliyoitaka mwenyewe, nilikaa kitandani nikausikiliza mlio wa nyama ukibadilika. Nilinyanyua kidole, naye akawa ameshaanza kugeuza. Sikumfundisha hilo. Alikula sahani yote, akaongeza.

Jana nilikuwa na daktari. Yule aliyeniahidi kuniambia ukweli ameniambia. Uvimbe umerudi, na umeshuka kifuani, na hawatakata tena. Anasema nitaumwa kidogo tu kwa sababu dawa zipo. Amesema pia kuhusu muda, nami siuandiki hapa, utanitazama uso ukija utajua. Njoo peke yako kwanza. Chiriku aje baadaye, ukishamweleza kwa maneno yako. Usimfiche. Tumefichana vya kutosha katika ukoo huu.

Nina ombi moja, na hili usinibishie. Wifi alipofariki, mtunza stoo alisikia kwa yule dereva wako kwamba ulikuwa jikoni mwenyewe, unawapikia watu waliokuja kukupa pole, umefunga aproni, unakoroga, huku mkeo yuko chumba cha pili. Najua kwa nini. Na mimi ningefanya hivyohivyo, mikono ikiwa na kazi mtu hamwagiki.

Safari hii usifanye. Siku yangu ikifika, wewe na Chiriku msiguse mwiko. Atakuja mwenye duka la baiskeli, watakuja wenzako wa karakana, watakuja na hawa wa kiwandani. Wapike wao. Wataunguza, watazidisha chumvi, waache. Wewe kaa chini na mwanao, mletewe sahani, mle.

Dada yako